Mfundishe kijana bei ya mkopo kabla simu haijamfundisha

Mtihani wa kidato cha nne ukimalizika mwezi Novemba, nyumba nyingi hupata mgeni wa miezi kadhaa. Kijana aliyekuwa bweni, ambako simu ni marufuku, sasa yuko nyumbani kutwa na simu iko mkononi. Anasubiri matokeo, kisha anasubiri kuanza kidato cha tano au chuo. Ndicho kipindi anachojifunza mambo mengi ya fedha, na mara nyingi mwalimu wake si baba wala mama. Ni ujumbe unaoingia usiku ukimwambia amepata nafasi ya kukopa, abonyeze namba moja tu kukubali.

Wazazi wengi huwaonya watoto wao kuhusu pombe, makundi mabaya na mapenzi ya mapema. Mkopo haumo kwenye orodha hiyo kwa sababu huhesabiwa kuwa habari ya watu wazima. Zamani ilikuwa kweli. Aliyetaka kukopa alihitaji dhamana, barua ya mwajiri au hati ya nyumba, akapanga foleni benki na kuhojiwa. Leo mkopo umehamia kwenye simu, hauulizi mdhamini, na fedha huingia kabla maji ya chai hayajachemka.

Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kufikisha miaka 18 akiwa anajua kutafuta eneo la duara, lakini hajawahi kuonyeshwa namna ya kutafuta bei ya mkopo wa Sh50,000. Hesabu zote mbili ni za darasa moja. Tofauti ni kwamba hii ya pili ataitumia maisha yake yote.

Laini ya nani, deni la nani

Mazungumzo yaanzie kwenye laini ya simu. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18, na laini husajiliwa kwa alama za vidole. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 au 16 hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mama, baba, shangazi au kaka aliyemtangulia.

Kisheria, mtu aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa na uwezo wa kuingia mkataba. Lakini mtandao hauoni kidole kilichobonyeza. Unaona jina lililosajiliwa. Kijana akikubali mkopo kwenye laini hiyo, aliyekopa ni mama. Ukicheleweshwa, aliyechelewesha ni mama. Na kwa kuwa taarifa za wakopaji hufika kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ambazo benki huzipitia kabla ya kutoa fedha, mama anayekwenda kuomba mkopo wa kupaulia nyumba anaweza kukuta jina lake lina doa la shilingi elfu chache ambazo hana habari nazo.

Huduma inayowanasa vijana kirahisi zaidi ni ile ya kujaziwa salio. Vodacom Tanzania wanayo inayoitwa Songesha, na nchini Kenya Safaricom walianzisha Fuliza mwaka 2019. Mtumiaji anataka kulipa Sh10,000 lakini ana Sh4,000. Mtandao unamjazia Sh6,000, malipo yanapita, na ada inaanza kuhesabiwa. Fedha yoyote ikiingia baadaye kwenye laini hiyo, deni hukatwa kwanza.

Hapo ndipo nyumba hukorogeka. Baba anamtumia binti yake Sh20,000 za nauli na madaftari. Binti anapokea ujumbe, lakini salio linasoma Sh13,000 na kitu. Anaogopa kusema. Baba anauliza mbona hajasafiri, anajibiwa mtandao ulikuwa chini. Uongo wa kwanza umezaliwa, na si kwa sababu binti ni mwizi. Hakujua kuwa alichobonyeza wiki iliyopita ni mkopo. Alidhani ni huduma tu ya simu, kama kifurushi.

Kwa sababu hiyo kijana aelezwe neno kwa neno: ujumbe ukisema "umewezeshwa", "umeongezewa" au "umesogezewa", maana yake ni moja. Umekopa.

Bei hujificha kwenye siku

Somo la pili ni hesabu. Mkopo mdogo wa simu mara nyingi hautaji riba kwa mwaka. Hutaja ada, na ada hiyo huonekana ndogo. Kijana akisoma "ada asilimia 10" anaiona nafuu, kwa kuwa kwa Sh50,000 ni Sh5,000 tu. Swali la kumfundisha ni hili: asilimia 10 kwa siku ngapi?

Achukue karatasi. Amekopa Sh50,000 kwa siku 14, atarudisha Sh55,000. Siku ya kulipa ikifika hana fedha za kutosha, analipa kwa tabu, halafu anakopa tena siku hiyo hiyo ili apate ya kutumia. Akiendelea hivyo mwaka mzima, atakuwa amekopa mara 26. Mara 26 kwa Sh5,000 ni Sh130,000. Amelipa Sh130,000 ili azungushe Sh50,000 ile ile, na mwisho wa mwaka bado anadaiwa.

Nchini Kenya, M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa Sh1,000 ya Kenya alirudisha Sh1,075. Ilikuwa ada nafuu kwa mtu aliyekwama mara moja na kulipa kwa wakati. Kwa mtu aliyekopa kila mwezi, asilimia 7.5 mara 12 ni asilimia 90 kwa mwaka. Mkopo ni ule ule, kampuni ni ile ile. Kilichobadilika ni tabia ya mkopaji.

Kuna hila nyingine ambayo kijana aijue mapema. Baadhi ya wakopeshaji hukata ada kabla ya kutoa fedha. Kwenye simu imeandikwa mkopo wa Sh50,000 kwa siku 7. Zinazoingia ni Sh40,000. Baada ya wiki anatakiwa kurudisha Sh50,000. Akiulizwa riba ni kiasi gani, wengi watajibu asilimia 20, kwa kugawa Sh10,000 kwa Sh50,000. Jibu sahihi ni asilimia 25, kwa sababu alichokishika mkononi ni Sh40,000. Tena ni kwa wiki moja.

Mitaani mikopo ya namna hii imepewa jina lake: kausha damu. Jina hilo halikutungwa na wachumi. Limetungwa na kina mama waliochukuliwa jokofu na seti ya sofa. Kijana alisikie jina hilo nyumbani na aelezwe lilikotoka, ili siku mkopo kama huo ukimjia umevaa rangi nzuri kwenye skrini, autambue.

Maswali matano kabla ya kubonyeza

Kumkataza kijana kukopa maisha yake yote hakusaidii. Atakopa. Mfanyakazi hukopa kujenga, mkulima hukopa mbolea, mfanyabiashara hukopa mtaji. Kinachomfaa ni kipimo cha kutumia kila mara, awe anakopa kwenye simu, benki, kikoba au dukani kwa Mangi. Maswali haya matano yanaweza kuandikwa na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati.

La kwanza: Zitaingia ngapi mkononi, na zitatoka ngapi? Si zilizotajwa, bali zitakazoingia.

La pili: Zinatakiwa lini, na siku hiyo nitakuwa na fedha kutoka wapi? "Nitapata tu" si jibu. Jibu ni mshahara, mauzo, mazao au posho inayojulikana tarehe yake.

La tatu: Nikichelewa siku moja nini kinatokea? Ada inaongezeka? Muda unasogezwa kwa ada nyingine? Wanampigia nani?

La nne: Ninachokwenda kununua kitakuwepo bado siku ninayolipa? Cherehani itakuwepo. Chipsi kuku haitakuwepo, wala mkeka wa mechi uliochanika. Kijana ajue pia kuwa kubeti kabla ya miaka 18 ni kosa, na kukopa ili kubeti ni hasara mara mbili.

La tano: Huyu anayenikopesha ana leseni? Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Kenya ilibadilisha sheria ya Benki Kuu yake mwaka 2021 na kutoa kanuni mwaka 2022 ili wakopeshaji hao wawe na leseni. Tovuti za benki kuu zinaonyesha walioruhusiwa. Kijana anayeweza kutafuta matokeo ya mpira kwa sekunde tatu anaweza pia kutafuta jina la mkopeshaji.

Kijana asiyeweza kujibu maswali yote matano aache. Akijibu manne tu, aache pia.

Azoee kwa mkopo wa nyumbani

Maneno peke yake hayatoshi. Kijana anajifunza deni kwa kudaiwa, na mahali salama pa kudaiwa ni nyumbani, kiasi kikiwa kidogo na mdai akiwa mtu anayempenda.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 16 anayemfuata mama yake.

"Mama, viatu vya mpira vimepasuka. Naomba elfu thelathini."

Mama ana njia tatu. Anaweza kumpa, anaweza kumkatalia, au anaweza kumkopesha. Akichagua kumkopesha, afanye kama mkopo wa kweli.

"Nitakukopesha. Utanilipa nini na lini?"

"Kwenye hela ya matumizi, mama. Elfu tano kila wiki."

"Wiki ngapi?"

"Sita."

"Na ada elfu tatu. Kwa hiyo wiki sita na kitu, tuseme saba. Andika, tutie saini wote wawili."

Karatasi inabandikwa jikoni. Kila Jumamosi kijana analipa na mama anaweka alama. Ada ile ya Sh3,000 mama anaitunza bila kusema, na deni likiisha vizuri anaweza kumfungulia nayo kibubu. Lakini kabla ya hapo asimwambie, maana somo litapungua uzito.

Wiki ya tatu au ya nne kijana atachoka. Viatu vimeshachakaa kidogo, marafiki wanakwenda ufukweni, na Sh5,000 bado inakatwa. Ndiyo wiki yenye thamani kuliko zote. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na ni vizuri kijana akaonja matanga hayo akiwa na miaka 16 kwa deni la Sh30,000, kuliko kuyaonja akiwa na miaka 26 kwa deni la milioni sita.

Akishindwa kulipa wiki moja, mzazi asifute deni kimyakimya wala asimtangaze mbele ya wageni. Amwite, wapange upya, na waongeze wiki moja mwishoni. Deni likisamehewa kila mara, kijana anajifunza kuwa deni hupotea lenyewe. Likigeuzwa kuwa la kumwaibisha, anajifunza kulificha. Mafunzo yote mawili yatamgharimu.

Mzazi aliye kwenye kikoba ana darasa jingine tayari. Kijana aketi siku moja pembeni ya kikao, asikilize. Ataona kuwa mkopo unaanza na akiba, kwa sababu kwenye vikoba vingi mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na asiye na hisa hakopi. Ataona wadhamini, ataona faini ya kuchelewa, ataona katiba ikisomwa. Zaidi ya yote ataona kwamba fedha anayokopeshwa mtu mmoja imetoka mifukoni mwa wengine. Kwenye simu jambo hilo halionekani.

Na pale mzazi mwenyewe anapokopa, aseme. "Mwezi huu tunakula kwa uangalifu kwa sababu tunalipa mkopo wa ada ya dada yako, umebaki miezi minne." Sentensi hiyo haimshushi mzazi hadhi. Kijana anayemwona mama akijificha chumbani kupokea simu za wadai anajifunza pia, ila anajifunza kujificha.

Kadi mbili zinazofanana

Vijana wanaokaribia chuo huanza kushika kadi. Hapa kuna mkanganyiko ambao hata wazazi wanao. Kadi ambayo Watanzania wengi wanayo ni ya kutolea fedha zao wenyewe zilizoko kwenye akaunti. Salio likiisha, kadi inakataa. Kadi ya mkopo inafanana nayo kwa sura, lakini kila ikitumika benki ndiyo inayolipa, na mwenye kadi anakuwa anadaiwa.

Kwa kijana anayeanza, kadi ya kwanza na iwe ile ya fedha zake, au kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye simu. Inatosha kulipia vitabu na ada ya mtihani kwenye intaneti, na haiwezi kumwingiza kwenye deni. Anajizoeza kutunza namba ya siri, kutopiga picha ya kadi na kutomtajia mtu namba tatu za nyuma.

Mwanafunzi anayekwenda kusoma nje atakutana na kadi ya mkopo mapema zaidi. Nchini Marekani vijana waliwahi kuvutiwa kwa zawadi ndogondogo vyuoni wajiandikishe, hadi sheria ya mwaka 2009 ilipoweka sharti kwamba aliye chini ya miaka 21 lazima aonyeshe kipato chake au awe na mtu mzima wa kumdhamini. Sheria hiyo hiyo ilizitaka kampuni ziandike kwenye taarifa ya kila mwezi itachukua muda gani kumaliza deni kwa mtu anayelipa kiwango cha chini tu.

Kiwango hicho cha chini ndicho mtego. Tuseme kijana ana deni la Sh1,000,000 kwenye kadi, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na kiwango cha chini ni Sh50,000. Analipa Sh50,000 na kulala usingizi akijua ametimiza. Lakini Sh30,000 imekwenda kwenye riba, na deni limepungua kwa Sh20,000 tu. Hajavunja sharti lolote, na bado deni linamla.

Wakati wa kuchagua kadi, kijana na mzazi wasome mambo manne pamoja: ada ya mwaka, riba ya mwezi, siku za kulipa bila riba, na makato ya kutumia kadi kwa fedha ya nchi nyingine. Rangi ya kadi, pointi na zawadi vije mwisho. Kisha masharti mawili ya matumizi. Alipe deni lote kila mwezi kabla ya tarehe, kwa maana kadi nyingi hazitozi riba ya manunuzi kwa anayelipa lote. Na asitoe fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, kwa sababu kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, pamoja na ada ya kutolea.

Mzazi anayempa mtoto kadi ya nyongeza kwenye akaunti yake naye akumbuke: kadi iko kwa mtoto, deni liko kwa mzazi.

Deni kubwa la kwanza

Kwa vijana wengi wa Tanzania, deni kubwa la kwanza halitakuwa la simu wala la kadi. Litakuwa la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Fomu hujazwa kwa haraka baada ya kidato cha sita, mara nyingi kwenye kibanda cha intaneti, huku mzazi akihangaikia cheti cha kuzaliwa na mihuri. Kijana huifurahia fedha ya kujikimu ikiingia, huiita "boom", na neno mkopo linasahaulika.

Hakuna ubaya kuuchukua. Umesomesha watu wengi ambao familia zao zisingeweza. Habari njema ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Lakini kijana ajue kabla ya kusaini kwamba akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Kwa mshahara wa Sh700,000 hiyo ni Sh105,000. Akilijua hilo mapema, huenda boom ya kwanza isiishie kwenye simu mpya.

Siku atakayokwama

Pamoja na mafunzo yote, kuna kijana atakayekosea. Wengine watakosea kwa ajili ya rafiki. "Nikopee kwa laini yako, mimi yangu imefungiwa, nitakurudishia Ijumaa." Kijana aambiwe wazi kwamba laini iliyofungiwa kukopa imefungiwa kwa sababu, na kwamba kumkopea mtu ni kukopa. Kama anataka kumsaidia rafiki, ampe alichonacho mfukoni.

Wengine watapakua programu ya mkopo na kuiruhusu isome majina yote kwenye simu. Malipo yakichelewa, shangazi, mwalimu na mchungaji wanaanza kupokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Kwa kijana wa miaka 18 au 19 aibu hiyo ni nzito kuliko deni lenyewe. Wapo wanaokimbia nyumbani, wanaozima simu wiki nzima, wanaokopa kwa wanne ili kumlipa mmoja.

Ndiyo maana kanuni iliyo muhimu kuliko zote katika nyumba haihusu riba. Inahusu mdomo. Kijana ajue, tena asikie kwa sauti ya mzazi mwenyewe na si kwa kukisia, kwamba akikwama aseme siku ya kwanza, na kwamba siku hiyo hatapigwa wala kutukanwa. Kutakuwa na maswali na kutakuwa na mpango wa kulipa, lakini mlango hautafungwa.

Siku hiyo ikifika, mzazi aanze na karatasi. Waandike madeni yote, kila moja na ada yake na tarehe yake. Walipe kwanza lile linalokua haraka. Wasichukue mkopo mwingine kulifunika. Kijana aombe maandishi ya kila malipo. Na kama mkopeshaji anasambaza ujumbe wa kudhalilisha, wautunze kama ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume ya kupokea malalamiko, na Benki Kuu nayo inasimamia wakopeshaji. Kudaiwa hakumwondolei mtu haki ya kuheshimiwa.

Kisha deni lilipwe, na sehemu ya malipo itoke kwenye jasho la kijana: hela yake ya matumizi, kibarua cha likizo, au simu yenyewe ikiuzwa. Mzazi anaweza kumtangulizia fedha ili ada zisimame, halafu amdai yeye kwa utaratibu ule wa karatasi jikoni. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo haina mtu wa kumezewa.

Kwa wiki hii kuna kazi moja ndogo ya kuanzia. Mzazi apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Yule mwenye kijana aliyetimiza miaka 18 na kupata namba ya NIDA, aende naye kwa wakala ili laini anayoitumia isajiliwe kwa jina lake mwenyewe. Wa umri mdogo zaidi, waketi pamoja wapitie ujumbe wa miamala wa mwezi mmoja, bila kelele, na kila penye ada mzazi aulize, "Hii ilikuwa ya nini?" Mara nyingi jibu litakuwa "sijui". Mazungumzo yaanzie hapo.